Uledi, Nahodha wa Mashua ya Lady Alice



Katika gazeti letu tumekwisha kusoma maisha ya watu wengi mashuhuri: wafalme, majemadari, washairi na wavumbuzi. Muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuwa na cheo kikubwa wala mali. Jina lake Uledi, baharia wa Unguja, aliyefanya mambo makubwa zaidi ya miaka 140 iliyopita. Kazi yake ilikuwa kushika usukani wa mashua, na sifa yake kubwa ilikuwa kuogelea. Katika safari moja tu aliwatoa majini watu zaidi ya kumi waliokuwa wakifa maji.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye ni mtu wa pwani yetu, lakini safari ile inapotajwa, sifa zote hupewa Mzungu aliyekuwa mkubwa wake. Ya pili ni kwamba sisi watu wa Dar es Salaam tumezungukwa na maji, na wengi wetu hatujui kuogelea. Mimi nimelelewa Kariakoo. Kutoka Sokoni hadi Feri ya Magogoni ni mwendo wa miguu usiofika saa moja, na bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani liko karibu zaidi. Hata hivyo, ukipita mtaani kwetu ukauliza ni nani awezaye kuelea majini, ni wachache watakaoinua mkono. Basi nadhani maisha ya Uledi yana mafundisho kwetu sisi kuliko kwa watu wengine.

Mwaka 1874 Dar es Salaam ulikuwa mji mdogo sana. Sultani Majid, aliyeuanzisha katika miaka ya 1860, alifariki mwaka 1870, na baada yake ujenzi ukasimama. Misafara ya kwenda bara ilikuwa ikiondokea Bagamoyo. Huko ndiko alikoondokea Henry Morton Stanley tarehe 17 Novemba 1874, akiwa na msafara wa watu wapatao 350. Wengi wao walikuwa watu wa Unguja na Mrima, waliokuwa wakiitwa Wangwana, na wengine walikuwa Wanyamwezi. Nia ya safari ilikuwa kuzizunguka Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, kisha kuufuata Mto Lualaba hadi mwisho wake ili kujua unamwaga maji wapi.

Stanley alikuwa na mashua iliyoundwa Uingereza, yenye urefu wa futi 40, ambayo aliipa jina la Lady Alice. Mashua hiyo iliundwa kwa vipande, ili iweze kubebwa mabegani nchi kavu na kuunganishwa tena penye maji. Wapagazi waliibeba kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Victoria, wakapita nayo porini na vilimani, siku za mvua na siku za njaa. Sisi wa Kariakoo tusisahau jambo hili, maana jina la mtaa wetu lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopigishwa kambi mahali pale. Wapagazi wa vita na wapagazi wa misafara ni ndugu moja: walibeba mizigo, na majina yao hayakuandikwa.

Jina la Uledi liliandikwa, kwa kuwa Stanley mwenyewe alilitaja mara nyingi katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1878. Msafara ulipofika Mto Kongo, Uledi alikuwa ndiye nahodha wa Lady Alice. Yeye ndiye aliyesimama nyuma akashika usukani, akisoma mkondo, akiangalia pa kupita na pa kuepuka. Mitumbwi mingine iliifuata mashua yake kama vifaranga wanavyomfuata mama yao.

Siwezi kuendelea bila kusema kwamba safari ile haikuwa ya amani. Watu wa msafara walipigana na wenyeji mahali pengi, damu nyingi ikamwagika, na njia waliyoifungua ilimfaa baadaye Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuitawala Kongo kwa ukatili. Hayo yote ni kweli. Lakini ndani ya safari hiyo walikuwamo watu wa kawaida waliokuwa wakipigania uhai wa wenzao kila siku, na hao ndio ninaotaka kuwaeleza.

Mwanzoni mwa mwaka 1877 msafara ulifika kwenye maporomoko ambayo leo huitwa Boyoma, karibu na mji wa Kisangani. Yako maporomoko saba, moja baada ya jingine. Katika mwezi wa Januari, kwenye poromoko la sita, mtumbwi mmoja ulikokotwa na mkondo. Mmoja wa waliokuwamo alikuwa Zaidi. Mtumbwi ulipasuka juu ya jiwe lililochomoza penye ukingo wa poromoko, naye Zaidi akabaki amelikumbatia jiwe lile. Mbele yake maji yalikuwa yakishuka kwa kishindo, na nyuma yake mkondo ulikuwa ukimsukuma. Hapakuwa na mwogeleaji ambaye angeweza kumfikia kwa mikono mitupu.

Tafadhali msomaji, angalia alivyofanya Uledi. Kama angekuwa mtu wa pupa, angejitupa majini, na siku ile wangekufa wawili badala ya mmoja. Kwanza watu walisokota kamba za mitambaa ya mwituni, wakaunga na kamba za mahema. Kisha walichukua mtumbwi, wakaufunga kamba kadhaa, na watu wengi wakashika kamba hizo ili waushushe polepole na mkondo. Walitakiwa watu wawili wa kuingia ndani. Uledi akajitoa kwanza. Wa pili alikuwa kijana wa mashua aitwaye Marzouk.

Mtumbwi ulishuka, lakini haukuweza kulifikia jiwe. Wakamtupia Zaidi kamba. Ilimkosa. Wakatupa tena na tena, hata mwisho akaidaka. Mara ile alipoliachia jiwe, maji yalimchukua yakamtupa chini ya poromoko, naye akaning'inia kwenye kamba kama samaki kwenye mshipi. Wakati huohuo kamba zilizoushikilia mtumbwi zikakatika. Watu wa pwani ya mto walipiga kelele, wakijua kwamba wote watatu wamekwisha. Lakini uzito wa Zaidi mle chini ukafanya kazi ya nanga. Mtumbwi ukavutwa upande, ukagonga kisiwa kidogo cha mawe, Uledi na Marzouk wakaruka juu ya mawe, wakamvuta mwenzao hata akatoka.

Usiku ukawakuta hapo. Watatu hao walilala juu ya mawe katikati ya poromoko, wamelowa, hawana moto wala chakula. Asubuhi yake wenzao walifaulu kuwafikishia kamba, wakavutwa mmoja mmoja majini mpaka ng'ambo, wazima wote.

Baada ya Boyoma mto ulitulia kwa muda mrefu. Mwezi wa Machi 1877 wakafika kwenye ziwa la mto ambalo leo limo kati ya Kinshasa na Brazzaville. Kutoka hapo mpaka karibu na bahari, Mto Kongo hushuka kati ya milima kwa maporomoko mengi yanayofuatana. Ilikuwa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Kwa muda wa karibu miezi mitano walikuwa wakiburuta mitumbwi juu ya mawe, wakiishusha kwa kamba, na mara nyingine wakithubutu kupita majini. Kila siku palikuwa na hatari, na kila mtumbwi ulipopinduka, Uledi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa nguo na kuingia majini. Ndipo hesabu ya watu aliowaokoa ilipozidi kumi.

Lakini hakuweza kuwaokoa wote. Tarehe 28 Machi 1877 mtumbwi aliokuwamo kijana Kalulu ulivutwa katikati ya mto. Kalulu alikuwa mtumwa mdogo aliyepewa Stanley huko Tabora mwaka 1871. Stanley alimchukua Uingereza, akamtia shule, na mwaka 1874 alikuwapo London katika mazishi ya David Livingstone. Kijana huyu alikuwa ameona mambo ambayo wenzake hawakuyaota. Elimu yote hiyo haikumfaa kitu mbele ya poromoko. Watu wa pwani walimtazama akipita na wenzake katika mtumbwi wao, wakashuka na maji, wasionekane tena. Mahali pale pakaitwa Maporomoko ya Kalulu.

Sasa naja kwenye siku ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye fundisho kubwa kuliko zote. Ilikuwa tarehe 3 Juni 1877. Kati ya Wazungu watatu waliofuatana na Stanley, wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi tangu mwaka 1875. Aliyebaki ni Frank Pocock, kijana Mwingereza wa Kent aliyekulia kando ya mto, mwana wa wavuvi, mwogeleaji hodari, na mtu aliyependwa na watu wa msafara. Siku hiyo miguu yake ilikuwa na vidonda, hawezi kutembea. Stanley alikwisha kutangulia kwa njia ya nchi kavu. Pocock hakutaka kungoja kubebwa, akapanda mtumbwi pamoja na Uledi na wengine, jumla yao watu 11.

Walipokaribia maporomoko ya Massassa, Uledi aliusogeza mtumbwi pwani, akashuka, akapanda juu ya mawe ili ayaone maji vizuri. Aliyatazama kwa makini. Aliporudi alimwambia Pocock waziwazi kwamba hapapitiki, na kwamba wakithubutu watakufa. Hiyo ilikuwa hukumu ya nahodha aliyekwisha kuyajua maji yale kwa miezi mingi.

Pocock hakukubali. Aliona haya kukaa pale akingoja kubebwa kama mgonjwa, akaanza kuwasimanga mabaharia kwamba ni waoga, na kwamba wanaona hatari pasipo hatari. Maneno hayo yalimchoma Uledi. Mtu ambaye uhodari wake ulijulikana kwa msafara mzima hakuweza kuvumilia kuitwa mwoga. Akawauliza wenzake, nao wakaona afadhali kifo kuliko aibu. Wakausukuma mtumbwi.

Maji yaliwakamata mara moja. Mtumbwi ukaingia katika kizingia, ukazunguka, ukavutwa chini pamoja na watu wote. Ulipoibuka, watu wanane walikuwa wameushikilia. Uledi alimwona Pocock akitokeza kichwa mbali kidogo, akaacha mtumbwi akaogelea kumwendea. Kabla hajamfikia, kizingia kingine kikawameza wote wawili. Uledi akaibuka peke yake, amechoka kabisa. Watu watatu walikufa siku ile, na Pocock alikuwa mmoja wao. Mwili wake ulionekana baada ya siku kadhaa, mbali chini ya mto.

Wazee wetu husema kwamba mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea. Anayeyajua maji ndiye huyapuuza. Pocock alijua kuogelea, tena sana. Kitu kilichomwua ni kukataa neno la mtu aliyekwisha kwenda kutazama. Na Uledi naye aliyaona maji yalivyo, akajua ukweli, akausema, kisha akashindwa na simango. Nguvu za mikono yake zilitosha kuwaokoa watu zaidi ya kumi. Masimango ya dakika chache yaliangamiza watatu.

Nilipoisoma habari hii nilisita hapo kwa muda mrefu, kwa sababu mambo ya Massassa yamepata kutokea karibu na nyumbani kwetu. Nilipokuwa darasa la sita, masika yalikuwa makubwa, na Mto Msimbazi ukafurika mpaka barabarani pale Jangwani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akiuza mifuko Sokoni, alifika pale na wenzake wakirudi kutoka Magomeni. Yeye alisema wangoje maji yapungue. Wenzake wakamcheka. Akakunja suruali, akaingia ili awaonyeshe kwamba yeye ni mwanamume. Maji yalikuwa ya kiunoni tu, lakini mkondo ulimwondoa miguuni. Alikuwa na umri wa miaka 16. Mama yake bado anauza vitumbua pale pale alipokuwa akiuza, na watu wa mtaani hawapendi kulitaja jina la mtoto yule mbele yake.

Kwa hiyo msomaji usidhani kwamba habari za Mto Kongo ni habari za mbali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu wengi katika jiji la Dar es Salaam, na baadaye wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit iliondoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Unguja ikiwa na abiria, wakiwamo watoto wadogo, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 2011, ilizama Spice Islander katika njia ya kwenda Pemba, na mwezi wa Mei 1996 ilizama Bukoba karibu na Mwanza. Mamia ya familia yalivaa nguo za msiba. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote, la. Nasema kwamba mtu anayejua kuelea hupata nafasi ya kungoja msaada, na asiyejua hana nafasi hiyo.

Narudi kwa Uledi. Baada ya Massassa msafara uliendelea kwa huzuni na njaa. Ushanga na nguo walizotumia kununulia chakula zilikuwa zikiisha. Wakati huo Uledi alikamatwa na ushanga ulioibwa katika mizigo. Stanley aliwaita wakubwa wa msafara wamhukumu, nao wakaona kwamba lazima apigwe viboko, maana ushanga ule ulikuwa chakula cha watu wote. Hapo nduguye Shumari akasimama akaomba apigwe yeye badala ya Uledi, na binamu yake Saywa akaomba vivyo hivyo. Watu wakakumbuka ni wangapi kati yao waliotolewa majini kwa mikono ya mtu huyu. Mwisho wake Uledi alisamehewa. Nimelieleza jambo hili kwa sababu maisha ya mtu yakielezwa yaelezwe yote. Njaa ilimshinda siku moja, na wema wake wa siku nyingi ukamtetea.

Mwezi wa Agosti 1877 watu walikuwa karibu kufa kwa njaa, nao walikuwa wamebakiza siku chache tu kufika Boma, mji wa wafanyabiashara wa Kizungu karibu na bahari. Stanley aliandika barua ya kuomba chakula, akataka watu wa kuipeleka kwa haraka. Uledi alijitoa tena, pamoja na Kacheche, Robert Feruzi na wengine. Walikwenda wakafika, na tarehe 6 Agosti chakula kikaja: mchele, viazi, samaki. Tarehe 9 Agosti msafara uliingia Boma. Kutoka huko walisafiri kwa meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mwezi wa Novemba wakaiona Unguja tena. Kati ya wale waliotoka Bagamoyo, waliorudi walikuwa zaidi kidogo ya mia moja. Uledi alikuwa mmojawapo.

Hayo ndiyo maisha ya Uledi katika safari iliyomfanya ajulikane. Sasa naomba ruhusa ya wasomaji nieleze machache tunayoweza kujifunza kutokana nayo juu ya kuogelea kwa usalama, hasa sisi wanafunzi na wadogo zetu nyumbani.

La kwanza ni utulivu. Methali yasema mfa maji haishi kutapatapa, na huko kutapatapa ndiko kunakomzamisha. Katika fizikia ya kidato cha kwanza tunafundishwa kanuni ya Archimedes, kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Mwili wa mtu aliyejaza pumzi kifuani ni mwepesi kidogo kuliko maji, hivyo wengi wetu huelea tukilala chali, masikio ndani ya maji, uso juu, mikono na miguu imetandazwa. Mtu akiinua mikono juu kuomba msaada, mikono hiyo haibebwi tena na maji, na uzito wake humsukuma kichwa chini. Anayejifunza aanze na kuelea, kabla ya kutafuta mwendo.

La pili ni pumzi. Wanaoanza hubana pumzi, kisha hutaka kutoa na kuvuta kwa mara moja uso unapotoka majini, wakapaliwa. Afadhali kutoa pumzi polepole uso ukiwa ndani ya maji, kwa pua na mdomo, na kuvuta tu unapogeuza uso upande. Mtoto anaweza kuanza zoezi hili kwa kupuliza mapovu katika karai, mkubwa wake akiwa karibu.

La tatu ni mwendo. Miguu ipigwe kutoka kwenye nyonga, si kutoka kwenye magoti kama mtu anayeendesha baiskeli. Mwili ulale sawasawa juu ya maji, maana miguu ikining'inia chini hugeuka breki. Ukikamatwa na mkondo, usishindane nao uso kwa uso. Elea, kata mshazari kuelekea pwani, hata kama utatokea mbali na pale ulipoingia.

La nne ni kuokoa. Hapa Uledi ni mwalimu wetu mkubwa. Kwa Zaidi alitumia kamba, mtumbwi na watu wengi wa kushikilia. Aliye nchi kavu atafute fimbo ndefu, kamba, khanga iliyosokotwa, au dumu tupu la mafuta lililofungwa kifuniko, amtupie mwenzake, na apige kelele watu waje. Anayezama humkumbatia anayemfikia kwa nguvu zote, hata awe mama yake. Asiyefundishwa kuokoa asiingie majini kumfuata.

La tano, nalo naliweka mwisho kwa sababu ndilo gumu kuliko yote, ni kukataa. Mwogeleaji mzuri huyatazama maji kwanza. Akiona hayapitiki, husema hayapitiki, na wenzake wakimcheka huwaacha wacheke. Kwa vijana wa umri wetu kuchekwa ni jambo zito, najua. Lakini tumeona kwamba hata Uledi, jabali wa Mto Kongo, alishindwa hapo mara moja, na watu watatu hawakurudi. Maji ya mafuriko ya Msimbazi hayana mwogeleaji. Dawa yake ni kungoja.

Ningependa kuwaomba walimu na wazazi wetu walifikirie jambo hili. Shuleni tuna viwanja vya mpira na riadha, nasi tunafundishwa kukimbia na kuruka. Likizo ndefu zikifika, wengi wetu hurudi Dar es Salaam, na siku za sikukuu fukwe hujaa watoto waliokuja kutazama bahari. Wapo watu wazima miongoni mwetu wanaojua kuogelea: wavuvi, mabaharia, na walimu waliokulia pwani. Ikiwa kila mmoja wao atawachukua watoto wachache penye maji ya kiunoni, maji yaliyotulia, bahari ikiwa shwari, akawafundisha kuelea na kutoa pumzi, baada ya miaka michache mitaa yetu itakuwa na watu wengi wanaojiweza. Wasichana nao wasiachwe nyuma, kwani katika meli mama hukaa na watoto, naye ndiye atakayewashika.

Uledi hakuacha kitabu wala shule. Aliacha watu waliorudi Unguja wakawaona wake zao na watoto wao, kwa sababu yeye alijua kuogelea nao walikuwa karibu naye. Miongoni mwetu pia wawepo watu wa namna hiyo.